Gari la Kazi Mbili au Gari la Mashindano: Askari Achague Lipi?

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mshika mawili moja humponyoka. Methali hiyo imekuwa ngao ya wale wanaowaambia vijana wetu wa jeshi na polisi kwamba mtu anayetaka kuingia katika mashindano ya magari hana budi kununua gari la mashindano tupu. Kwao, gari linalompeleka mtu kazini siku za juma na mashindanoni siku ya Jumapili ni nusu ya kila kitu, wala si kamili katika lolote. Wasemao hayo hawasemi uongo mtupu. Lakini methali, kama ilivyo amri ya kijeshi, ina mahali pake na wakati wake, na anayeitumia pasipo mahali pake huwapotosha wanaomfuata.

Katika makambi na vituo vyetu mazungumzo ya magari hayakomi. Magari yaliyokwisha tumika kutoka Japani, hususan Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer, yameenea katika barabara zetu, na kijana mwenye cheo cha chini anaweza kulipata mojawapo kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Akishalipata, washauri hawakosekani. Mmoja humwambia ang'oe viti vya nyuma, mwingine humwambia akaze springi, wa tatu humpeleka kwa fundi wa kubadili breki na klachi. Baada ya miezi michache deni la mkopo lingalipo, mshahara ni ule ule, na gari halijulikani tena kama ni la kupeleka watoto shuleni au la kushindania kikombe.

Maoni yangu ni haya, na nitayatetea. Askari anayeishi kwa mshahara mmoja na achague gari la kazi mbili, alitunze libaki gari la barabara kwanza na la mashindano baadaye. Siku atakapopata uwezo wa kuwa na gari la mashindano hasa, gari hilo aliondoe katika barabara ya umma kabisa. Kilicho kibaya kuliko yote mawili ni kile kitu cha tatu tunachokiona kila siku: gari lililogeuzwa kuwa la mashindano, kisha likaachwa barabarani.

Maana ya majina haya

Yafaa kwanza tuelewane juu ya maneno. Gari la kazi mbili ni lile lililotengenezwa na kiwanda kwa ajili ya wateja wa kawaida, lenye taa, viti, mikanda na breki za barabara, lakini lenye nguvu na uimara wa kutosha kuweza kushindana pasipo kugeuzwa asili yake. Gari la mashindano ni lile lililofikiriwa tangu mwanzo kwa ajili ya jambo moja tu, yaani kushinda. Humo hakuna starehe, hakuna nafasi ya mzigo, hakuna fikira ya foleni wala ya mvua ya jioni. Kila kilo isiyosaidia mwendo imeondolewa.

Askari hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 ilikusudiwa mkulima, lakini majeshi ya nchi nyingi yakaitumia kwa kazi ambazo mkulima hakuziota. Kifaru, kwa upande mwingine, hakina kazi ya pili. Ndiyo maana kifaru hakiendeshwi mamia ya kilomita juu ya lami kuelekea vitani ikiwa ipo njia nyingine. Hupakiwa juu ya trela kubwa, kikapelekwa, kikashushwa pale kinapohitajika. Vyote viwili ni vyombo vyema. Makosa huanza pale mtu anapokitaka kifaru kifanye kazi ya Land Rover.

Ushahidi wa Safari

Mashindano yanayotufaa sisi kama ushahidi hayako mbali. Mwaka 1953 yalianzishwa katika Afrika Mashariki mashindano ya magari ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, nayo yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakaja kujulikana ulimwenguni kote kwa jina la Safari. Kwa miaka mingi mwendo wake ulikuwa wa kilomita 5,000 hivi, katika vumbi, matope na mawe, kwenye barabara zile zile ambazo mabasi, ng'ombe na watembea kwa miguu waliendelea kuzitumia. Mshindi wa mwaka ule wa kwanza alikuwa katika Volkswagen, lile gari dogo lenye umbo la kobe ambalo wazee wetu wengi walilijua kama gari la mwalimu au la padri.

Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, na yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na yaliyofika yakawa tena 7. Katika miaka yote hiyo miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, na gari lake lilikuwa Peugeot 404. Nani katika kizazi cha wazazi wetu asiyeijua Peugeot 404? Ndiyo iliyobeba abiria kutoka mji hadi mji. Gari lililowashinda wote katika miaka iliyokuwa migumu kupita kiasi lilikuwa ndugu wa damu wa teksi.

Hapa kwetu twaweza pia kumtaja Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda mwaka 1945. Alishinda Safari mara tano, mwaka 1973 na kisha kila mwaka kutoka 1979 hadi 1982, na hakuna mwingine aliyefikia idadi hiyo. Ushindi wake wa mara nne zile za mfululizo aliupata katika Datsun za namna ya Violet, gari ambalo asili yake ni la mtu mwenye familia na kazi ya ofisini. Ni kweli kwamba magari yake yalikuwa yameimarishwa na mafundi hodari, lakini msingi wake ulikuwa gari la barabara.

Sasa tutazame upande wa pili. Kampuni ya Lancia ya Italia ilitengeneza gari liitwalo Stratos, fupi, jepesi, la watu wawili, lenye injini ya Ferrari nyuma ya mgongo wa dereva. Gari hilo halikutokana na gari lolote la nyumbani. Lilizaliwa kwa ajili ya mbio. Liliipatia Lancia ubingwa wa dunia miaka mitatu mfululizo, 1974, 1975 na 1976. Lakini Safari halikuishinda kamwe. Mwaka 1975 Stratos mbili zilishika nafasi ya pili na ya tatu, na aliyezitangulia alikuwa Ove Andersson katika Peugeot 504. Lancia ikaja tena baadaye na gari jingine la mashindano tupu, lile la namba 037, nalo likaondoka bila ushindi. Kampuni hiyo ilipata ushindi wake wa kwanza katika Safari mwaka 1988, na gari lililouleta lilikuwa Delta Integrale, lenye milango mitano, ambalo ukoo wake ni gari la familia lililoanza kuuzwa mwaka 1979.

Wala si Lancia peke yake. Peugeot ilikuwa bingwa wa dunia mwaka 1985 na 1986 kwa gari lake la 205 Turbo 16, chombo cha mashindano ambacho injini yake ilikuwa katikati, ingawa kwa nje kilifanana na gari dogo la dukani. Katika Safari kilishindwa miaka yote hiyo miwili, ilhali 404 na 504 zilikuwa zimeiletea kampuni hiyo hiyo sifa kubwa huku kwetu. Audi nayo, iliyotikisa ulimwengu kwa gari lake la Quattro, ilishinda Safari mwaka 1987 kwa Audi 200, gari kubwa na zito la milango minne, la aina inayopendwa na mameneja wa benki.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Toyota ilishinda Safari mwaka 1984, 1985 na 1986 kwa Celica yenye tabo, ambayo ilikuwa imetengenezwa kwa mashindano. Lakini hata hapo kuna fundisho. Gari hilo lilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na sifa yake ilikuwa uimara wala si utaalamu mwingi. Na halikuja peke yake: timu kubwa za siku zile zilikuja na magari ya mafundi, vipuri na helikopta. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Njia ndiyo inayochagua

Msomaji mwenye habari za karibuni atanipinga. Atasema, "Afande, hayo ni ya kale. Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, Toyota ilishinda kila mwaka hadi 2025, na tangu 2022 magari ya daraja la juu yamejengwa juu ya kiunzi cha mabomba ya chuma ambacho hakihusiani na gari la dukani." Ni kweli kabisa. Na katika ubingwa wa Afrika, magari kama Skoda Fabia R5, yanayotengenezwa na kiwanda ili yauzwe kwa washindani tu, yamezishinda Impreza na Lancer zilizotamba kwa miaka mingi.

Lakini tuulize sababu. Mashindano ya leo si yale ya zamani. Sehemu ya ushindani ya Safari ya sasa haifiki kilomita 400. Barabara hufungwa, wananchi huzuiwa, na baada ya kila hatua chache gari hurudi kwenye kituo ambako mafundi hulifungua na kulifunga tena kwa saa iliyopimwa. Katika mazingira hayo chombo cha kazi moja hakina mpinzani. Katika mazingira ya kale, ambapo gari lilipaswa kwenda mchana na usiku katikati ya shughuli za watu, gari la barabara ndilo lililofika.

Hivyo swali la haki kwa kijana si gari lipi lina mbio zaidi. Swali ni hili: gari langu litapita njia ipi katika siku 365 za mwaka? Ikiwa siku 350 litakuwa kwenye foleni za Kampala, kwenye barabara kuu ya Masaka au kwenye udongo mwekundu wa kwenda kijijini, basi njia imekwisha kuchagua kabla yake.

Hatari ya chombo kilicho mahali pasipo pake

Wengi hudhani kwamba gari la mashindano likiwa barabarani ni gari bora zaidi, kwa kuwa lina breki kubwa na matairi mapana. Ukweli ni kinyume, na ni vema tuueleze kwa ufundi wake.

Pedi za breki za mashindano zimetengenezwa zishike zikiwa na moto mkali. Katika mbio dereva hukanyaga breki mara kwa mara, nazo hubaki na moto huo. Barabarani, mtu aliyetoka nyumbani asubuhi akakutana na mtoto anayevuka njia, pedi zake zingali baridi, na gari halitasimama pale alipotarajia. Matairi ya mbio yasiyo na mikato vivyo hivyo: hushika lami kavu yakiwa ya moto, lakini mvua ikinyesha hayana mfereji wa kutolea maji, na gari huteleza kama mtumbwi.

Tazama tena kizimba cha mabomba ya chuma kinachofungwa ndani ya gari. Katika mashindano kimeokoa roho za watu wengi sana, kwa sababu waliomo wamevaa helmeti na wamefungwa kwa mikanda inayowabana mabegani na kiunoni. Barabarani, baba aliyevaa kofia ya kawaida na mtoto aliyeketi nyuma hawana kinga hiyo. Ajali ndogo tu, ambayo katika gari la kawaida ingemwacha mtu na uvimbe, inaweza kukipiga kichwa chake kwenye bomba la chuma. Chombo kile kile kinachomwokoa dereva wa mbio humuua abiria.

Hata wenye ujuzi mkubwa walilipa gharama ya nguvu iliyozidi mahali pake. Katika daraja lililoitwa Kundi B, kiwanda kilitakiwa kutengeneza magari 200 tu ili kiruhusiwe kushindana, hivyo vikatengenezwa vyombo ambavyo uhusiano wake na gari la barabara ulikuwa wa jina tu. Mwaka 1986 nchini Ureno gari moja liliacha njia likaingia katika umati wa watazamaji na kuua. Mwezi Mei mwaka huo huo, Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto walifariki katika moto kisiwani Corsica. Wakuu wa mchezo wakalipiga marufuku daraja hilo, na kuanzia 1987 ubingwa ukashindaniwa na magari ya Kundi A, ambayo kiwanda kilipaswa kutengeneza 5,000. Ikiwa madereva bingwa wa dunia walirudishwa kwenye gari la dukani kwa ajili ya usalama, sisi tunaoendesha katikati ya bodaboda na wauza ndizi tuna hoja gani?

Gari moja au kikosi kizima

Nimesema nitarudi kwenye jambo la mafundi. Askari ajua kwamba mzinga haupigani peke yake. Nyuma yake kuna lori la risasi, kuna dereva, kuna fundi, kuna mpishi, kuna karani wa ghala. Gari la mashindano ni hivyo hivyo. Halipaswi kwenda mashindanoni kwa magurudumu yake, basi lahitaji trela na gari la kuvuta trela. Lahitaji seti za matairi, makanika wawili au watatu wanaolijua, vipuri vya giaboksi na shokamzoba, mavazi yasiyoshika moto, helmeti, leseni ya mchezo na ada za kushiriki. Likiharibika haliwezi kutengenezwa kwa kipuri cha dukani mtaani. Na siku zisizo za mbio, ambazo ndizo nyingi, limelala chini ya turubai wala halimpeleki mtu hospitali.

Mtu mwenye kampuni au mfadhili anaweza kubeba mzigo huo, nasi tunamtakia heri. Lakini koplo au konstebo mwenye mke, watoto na wazazi kijijini, akiuingia mzigo huo kwa mkopo, atakuwa ameunda kikosi asichoweza kukilisha. Kamanda mwema haanzishi operesheni ambayo hana njia ya kuipelekea chakula.

Gari la kazi mbili halimkomboi mtu kutoka gharama zote, lakini humwachia thamani mkononi. Akishindwa kuendelea na mchezo, gari lingali linafaa kwenda kazini, na akitaka kuliuza, mnunuzi yupo. Gari lililokatwakatwa kwa ajili ya mbio lina wanunuzi wachache, nao wanajua kwamba muuzaji ana dhiki.

Mpaka uko wapi?

Sasa nirudi kwa ile methali ya mshika mawili. Ni kweli kwamba gari la kazi mbili halitalishinda gari la mashindano katika daraja moja. Anayelichagua ajue hivyo, akubali kushindana na walio sawa naye, na ashukuru kwamba madaraja yapo. Lakini kuna jambo ambalo gari hilo humfundisha vizuri kuliko lile jingine: humfundisha kuendesha. Gari lenye nguvu ya wastani halimfichii dereva makosa yake. Hujifunza kusoma njia, kutunza matairi, kusikiliza injini, na kulifikisha gari mwisho. Vijana wengi wamekimbilia nguvu kabla ya maarifa, na mara nyingi mwisho wao umekuwa mtaroni.

Naam, ni mabadiliko gani yanaruhusiwa? Kipimo changu ni chepesi: badili kile kinacholifanya gari liwe imara na salama zaidi barabarani, acha kile kinacholifanya liwe na mbio kwa kupoteza usalama wa barabarani. Shokamzoba nzuri, matairi mapya ya kiwango sahihi, mafuta ya breki yaliyobadilishwa kwa wakati, bamba la chuma la kulinda injini dhidi ya mawe, taa zinazoona vizuri bila kumpofusha anayekuja: yote hayo ni halali, nayo yanafaa Jumatatu na Jumapili. Kuondoa viti na mikanda ya abiria, kufunga pedi za mbio, kuondoa vizuia sauti vya ekzosi, kuishusha bodi mpaka isiweze kupita tuta: hayo yote ni kuvuka mpaka.

Na mpaka wenyewe uonekane wazi. Siku ile sheria za mashindano au mwendo wako zinapokudai kizimba cha chuma, siku hiyo gari hilo limeacha kuwa la kazi mbili. Lifunge kizimba, lipandishe juu ya trela, na lisibebe tena familia. Hakuna hatua ya katikati.

Wajibu wa wenye sare

Neno la mwisho nawaelekezea wenzangu wa polisi, na sisi wa jeshi tulisikilize pia. Mashindano katika barabara ya umma bila kibali ni kosa, na bima za kawaida haziyahusu mashindano. Raia anayefanya kosa hilo hukamatwa. Je, mwenye sare akilifanya? Mara nyingine tunajua jinsi mambo yanavyokwenda: dereva huonyesha kitambulisho, huitwa afande, huambiwa apite. Askari wa usalama barabarani anayempa mwenzake ruhusa hiyo anadhani amemfanyia wema, kumbe ameiacha hatari iende mbele ikamkute mwananchi asiye na habari. Gari lenye matairi yasiyofaa halijui cheo cha mwenye nalo.

Wananchi wanatutazama. Kijana wa mtaani anayeliona gari la askari likipaa usiku kwa kishindo hujifunza kwamba sheria ni ya wanyonge. Anayeliona likisimama kwenye kivuko cha watoto, kisha Jumapili akalikuta katika mashindano halali limebandikwa namba, hujifunza kwamba nguvu na nidhamu vinaweza kukaa nyumba moja.

Kwa hiyo, ndugu askari na polisi, mwenye kuupenda mchezo huu na aupende, kwa kuwa ni mchezo wa ujasiri, wa akili na wa ushirikiano, sifa ambazo kazi yetu inazidai. Anunue gari analoweza kulilipia, alitunze, ajiandikishe katika chama kinachotambuliwa, ashindane pale palipofungwa njia. Jioni alirudishe nyumbani gari lile lile likiwa zima, na asubuhi awahi nalo kwenye gwaride.